Mtoto Wetu Anaokota Makopo Dar es Salaam

Siku moja ya gulio pale Nkwenda, wilayani Kyerwa, mzee mmoja alitufuata. Tunamfahamu tangu alipokuwa katika darasa la kisomo. Jina lake hatulitaji, mwenyewe ametuomba hivyo. Alikuwa na jambo linalomsumbua.

"Kijana wangu yuko Dar es Salaam," alituambia. "Mwaka wa tatu sasa. Alipokuja Krismasi nilimwuliza, unafanya kazi gani huko? Akasema, Baba, niko na kampuni ya vinywaji. Nikafurahi. Juzi mtoto wa jirani amerudi, anasema kijana wangu anaokota makopo. Anatembea na kiroba mgongoni. Sasa ninyi watu wa gazeti niambieni. Nimeuza kahawa nikamsomesha, kumbe nilikuwa namsomesha aende jalalani?"

Hatukuweza kumjibu mzee pale pale, katikati ya watu na mikungu ya ndizi. Tulimwahidi kwamba tutaandika. Tunajua si yeye peke yake. Kutoka Kayanga, Omurushaka, Isingiro na Murongo vijana wengi wamepanda basi kwenda mjini. Wengine wamevuka mpaka kwenda Kampala. Hatujui wote wanafanya nini, na wao wenyewe mara nyingi hawasemi. Basi tuieleze kazi hii ilivyo, uzuri wake na ubaya wake, kila mmoja aamue.

TAKA ZA MJINI ZINATOKA WAPI?

Sisi wa kijijini hatuna shida kubwa ya taka. Mama akimenya ndizi, maganda yanakwenda kwa mbuzi au yanarudi kwenye migomba kuwa mbolea. Majivu nayo yanakwenda kibanjani. Kinachobaki ni kidogo.

Mjini mambo ni mengine. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5 katika mkoa wa Dar es Salaam. Wengi wao hawana kibanja. Wananunua maji ya chupa, soda, mafuta ya dumu, sabuni ya kopo. Kila wakinunua, kuna kitu cha kutupa. Magari ya taka hayafiki kila mahali, na mitaa mingine ina njia nyembamba hata gari haipiti. Taka nyingine huishia mitaroni. Mvua ikinyesha, mitaro imeziba, maji yanaingia ndani ya nyumba.

Hapo ndipo anapoingia mwokota makopo. Neno makopo lisikudanganye, ndugu msomaji. Mjini watu wakisema makopo, mara nyingi wana maana ya chupa tupu za plastiki za maji na soda. Lakini mwokotaji huyo anachukua pia maboksi, madumu yaliyopasuka, vyuma chakavu, sufuria zilizotoboka, nyaya za shaba. Anaamka saa kumi alfajiri ili alitangulie gari la taka na ayatangulie majua. Anapita kwenye baa, stendi, masoko, ufukweni, na kwenye kumbi zilizokuwa na harusi usiku. Harusi ya watu wakubwa ni neema kwake.

Wengine hawazunguki mitaani. Wanafanya kazi dampo, yaani mahali jiji linapomwaga taka. Dampo la Dar es Salaam limehamahama. Zamani lilikuwa Tabata. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata walichoka na moshi na harufu, wakalishtaki jiji mahakamani, nao wakashinda. Baadaye taka zikapelekwa Vingunguti, halafu Mtoni, na sasa Pugu Kinyamwezi. Kila dampo lilipohama, waokotaji nao walihama. Nairobi nako kuna dampo la Dandora, ambako maelfu ya watu wanaishi kwa kazi hiyo hiyo.

CHUPA NGAPI ZINAFANYA KILO MOJA?

Tufanye hesabu, kwa kuwa wote tumesoma hesabu. Chupa tupu ya maji ya nusu lita ina uzito kama gramu 15 hivi. Kilo moja ni gramu 1,000. Gawanya 1,000 kwa 15. Unapata 66 na kitu. Kwa hiyo mtu ainame mara 67, aokote chupa 67, ndipo apate kilo moja.

Sasa akitaka kilo 30 kwa siku, ni chupa karibu 2,000. Mara elfu mbili anainama, anaokota, anamwaga maji yaliyobaki, anakanyaga chupa ilale, anatia kwenye kiroba. Mtu anayesema hiyo ni kazi ya mvivu, na ajaribu siku moja tu. Kupalilia migomba ni nafuu.

Tuseme mnunuzi analipa shilingi 300 kwa kilo. Hii ni bei ya mfano tu, maana bei hupanda na kushuka. Kilo 30 ni shilingi 9,000. Hapo bado hajala, hajalipa chumba, na mnunuzi akisema plastiki ina maji, anakata kilo.

Mzigo ukishauzwa unapita mikono mingi. Kuna mnunuzi mdogo mwenye banda na mizani mtaani. Yeye anamwuzia mkubwa mwenye ghala. Mwenye ghala ana mashine ya kubana au ya kusaga, inayoikata plastiki kuwa vipande vidogo kama punje za mahindi yaliyoparazwa. Vipande vinaoshwa, vinakaushwa, vinauzwa kiwandani au vinapakiwa kwenye kontena kwenda nchi za nje. Chuma kinayeyushwa na kuwa nondo. Huenda nondo iliyo kwenye lenta ya nyumba yako hapo Bugene ilikuwa zamani baiskeli au bati la mtu wa Mbagala. Alminiamu nayo huyeyushwa, ikamiminwa katika umbo la mchanga, ikawa sufuria mpya.

Kila mkono unaopokea unaongeza bei. Mwokotaji ni wa kwanza, na ndiye apataye kidogo kuliko wote.

Je, hilo ni geni kwetu? Wakulima wa kahawa wa Karagwe na Kyerwa mnalijua kuliko sisi tunaoandika. Na mnaijua butura. Mtu ana shida ya ada au mgonjwa, anakwenda kwa mwenye fedha, anauza kahawa ikiwa bado ni maua. Wakati wa mavuno anatazama magunia yake yakiondoka kwa bei ya kutupa. Serikali imeipiga marufuku butura, lakini shida haisikii marufuku. Basi mjini nako kuna butura ya makopo. Mwokotaji akiugua, au mvua ikinyesha siku tatu mfululizo, anamwendea mwenye mizani kukopa fedha ya kula. Mwenye mizani anampa kwa moyo mweupe kabisa. Kuanzia hapo, hawezi kumwuzia mtu mwingine. Bei ni ile anayoitaka aliyemkopesha.

KUSOMA KUNASAIDIA NINI JALALANI?

Kunasaidia sana. Kuna waokotaji ambao hawajui kusoma, nao wanaumia.

Chukua chupa yoyote ya plastiki iliyo nyumbani kwako. Igeuze utazame chini. Mara nyingi utaona alama ya mishale mitatu inayofukuzana, na ndani yake namba. Namba hiyo inaonyesha aina ya plastiki. Namba 1 ni chupa za maji na soda. Namba 2 ni ngumu zaidi, kama madumu ya mafuta. Namba 5 ni kama viti vya plastiki na bakuli nyingi. Namba zinafika hadi 7. Plastiki hizi haziyeyuki kwa moto sawa. Ukizichanganya, mzigo unaharibika, na mnunuzi anakulipa bei ya ile iliyo duni kuliko zote. Ajuaye namba anatenga mzigo wake kabla ya kwenda kwenye mizani.

Na mizani yenyewe inataka msomaji. Mizani ya biashara hukaguliwa na Wakala wa Vipimo na kuwekwa alama kuonyesha kwamba imekaguliwa. Mizani isiyo na alama ni ya kutiliwa shaka. Tuseme mizani inaiba kilo 2 katika kila kilo 10. Kijana wetu mwenye kilo 30 ataambiwa ana kilo 24. Kilo 6 zimekwenda, yaani shilingi 1,800 kwa siku moja, chupa kama 400 alizoinamia bure.

HATARI ZIKO WAPI?

Hapa hatutaficha kitu, maana mzee ametuuliza kama mzazi.

Dampo ni kama mlima usio na mwamba. Umejengwa kwa taka laini, na ndani kuna maji na hewa ya joto. Mvua ikizidi, mlima unaporomoka. Tarehe 10 Agosti 2024, dampo la Kiteezi, pembeni ya Kampala, liliporomoka baada ya mvua kubwa. Lilifunika nyumba, mifugo na watu. Waliokufa walikuwa zaidi ya 30. Dampo hilo lilikuwa limetumika tangu miaka ya 1990, na lilikuwa limejaa. Miaka saba kabla ya hapo, Machi 2017, dampo la Koshe mjini Addis Ababa, Ethiopia, liliua watu zaidi ya 100. Wengi waliokufa walikuwa maskini waliojenga karibu na dampo kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa bei yao.

Kuna hatari nyingine ndogo ndogo, lakini zinaua pia, polepole. Vioo. Sindano za hospitali zilizotupwa pasipostahili. Moshi. Vijana wengine huchoma nyaya za umeme ili plastiki iungue ibaki shaba, na moshi ule mweusi ni sumu kifuani. Wengine hupasua betri za magari kutafuta risasi iliyo ndani. Usifanye hivyo kamwe, wala usimruhusu mtoto. Risasi hiyo huingia mwilini na kuharibu akili za watoto. Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwadhuru wakazi mpaka wakaenda mahakamani. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Fedha haimrudishii mtoto afya yake, lakini walau walisikilizwa.

Halafu kuna dharau, na hii waokotaji wanaisema kwanza kabla ya yote. Wanaitwa wezi, wanaitwa mateja. Mtaani kukiibiwa sufuria, anatafutwa mwenye kiroba. Ni kweli wapo wezi wanaojificha katika kazi hii. Wapo wanaong'oa alama za barabarani na mifuniko ya mitaro, wakauza kama chuma chakavu, na watu wakatumbukia mashimoni. Ndiyo maana serikali inataka wanunuzi wa vyuma chakavu wawe na vibali. Lakini mwizi mmoja asifanye watu elfu wawe wezi. Hata sisi wakulima tuna wezi wa kahawa, na hakuna anayesema wakulima wote ni wezi.

Dharau ikiachwa inafika mbali. Huko Kolombia, Amerika ya Kusini, katika mji wa Barranquilla, mwaka 1992 waokota taka waliitwa ndani ya chuo kikuu eti wakachukue maboksi, wakauawa. Tarehe 1 Machi kila mwaka waokota taka duniani huwakumbuka ndugu hao.

MBONA HAWAACHI?

Swali hili tuliulizwa na mama mmoja wa Omurushaka. Jibu ni rahisi. Kazi hii haiulizi cheti, haiulizi mjomba ofisini, wala haiulizi mtaji. Ukiamka asubuhi huna kitu, jioni unaweza kula. Kwa mtu aliyeshuka stendi akiwa na begi moja na namba ya simu isiyopokelewa, hilo si jambo dogo. Wapo akina mama wajane waliosomesha watoto kwa makopo. Wapo walioanza na kiroba, wakanunua mkokoteni, wakanunua guta la magurudumu matatu, leo wana mizani yao wenyewe. Si wengi. Wengi wanabaki palepale, na tungekuwa waongo kusema vingine.

Wanaojitahidi kusimama husimama kwa njia tunazozijua sisi. Wanacheza upatu. Wanaweka akiba ya kikundi, ili mmoja akiugua asiende kukopa kwa mwenye mizani. Hiyo ndiyo dawa ya butura yao. Wakiweka mzigo pamoja, wanaruka mnunuzi mdogo na kwenda moja kwa moja ghalani, ambako bei ni nzuri zaidi. Dar es Salaam, katika kata ya Bonyokwa, wakusanya taka wameunda ushirika. Wanapita nyumba kwa nyumba na kuchukua taka zilizokwisha kutengwa: maganda peke yake, plastiki peke yake. Maganda yanakuwa mbolea. Plastiki haijachanganyika na sindano wala mavi, na mkusanyaji anagonga mlango kama mtu mwenye kazi yake, hanyemelei pipa usiku. Huko India, mji wa Pune, waokota taka walianza chama chao mwaka 1993, na baadaye ushirika wao ukapewa na jiji kazi ya kukusanya taka majumbani.

Sisi tuna chama kikuu cha ushirika, KDCU, tangu mwaka 1990. Tunajua ushirika una matatizo yake. Viongozi wengine hula. Lakini mtu mmoja na gunia lake mbele ya mnunuzi, hilo tumeliona, na matokeo yake tumeyaona.

Sheria nayo imeacha mlango. Kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha waokotaji kilichosajiliwa kinaweza kuomba kama kikundi cha kufuga kuku. Kasoro ni kwamba wengi hawana anwani, hawana katiba ya kikundi, na wanaogopa ofisi.

NA HUKU KWETU?

Kazi hii imekwisha kufika kwetu, ila hatujaipa jina. Wanunuzi wa vyuma chakavu wanapita vijijini na baiskeli na pikipiki wakipiga kelele. Hapo tuwe macho. Mtoto asitumwe wala asiachwe auze chuma peke yake, maana leo atauza jembe bovu, kesho jembe zima. Mnunuzi naye umwulize kibali, na utazame mizani yake kama unavyotazama ya kahawa.

Wazee wa Karagwe hawakutupa chuma. Walikuwa wahunzi wa sifa. Kule Bweranyange, kwenye makao ya wafalme, kulitunzwa vitu vya chuma vya ajabu, hata sanamu za ng'ombe. Ni ufalme ule ule wa Rumanyika, aliyempokea Mwingereza Speke mwaka 1861. Jembe lililochakaa mhunzi aliligeuza kisu, na kisu kikiisha kilikuwa kitu kingine tena. Hakuna aliyemcheka kwa kuokota chuma kikuukuu. Na ninyi wa Kyerwa, mnaochimba madini ya bati, jueni kwamba makopo mengi ya chakula ni chuma kilichopakwa bati hilo ili kisishike kutu. Yawezekana jiwe lililotoka kwenye kilima chenu limezunguka dunia, na sasa limo ndani ya kiroba cha kijana wenu.

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019, na vibanja vyetu vimepata nafuu. Lakini chupa zinaongezeka kila mwaka. Ziko kwenye njia ya shule, ziko kwenye mto. Huku hakuna mwokotaji wa kuzichukua, kwa sababu kuzisafirisha hadi kiwandani ni gharama kuliko bei yake. Hilo halijapata jibu. Kwa sasa tunaloweza ni kutozichoma jikoni, na kuzitumia tena zile zinazotumika kwa mafuta ya taa au mbegu. Chupa iliyowekwa sumu ya mimea usiiwekee kitu cha kunywa, hata ukiiosha mara kumi.

Tulirudi Nkwenda gulio lililofuata, tukamsomea mzee habari hii kabla ya kuichapa. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kumbe hakunidanganya sana. Ni kampuni ya vinywaji kweli, ila yeye anashika vile vilivyokwisha nywewa." Akacheka, sisi pia tukacheka.

Halafu akatoa simu, akavaa miwani, akaanza kuandika ujumbe mwenyewe kwa kidole kimoja. Ilimchukua muda. Alipomaliza alituonyesha. Alikuwa ameandika: *Mwanangu, habari ya kazi ya makopo nimeipata. Niambie, mizani ya huko ina alama ya serikali?*

Jibu lilikuja jioni, tukiwa bado sokoni. *Shikamoo Baba. Ya kwetu haina. Wenzangu wanaogopa kuuliza.*

Mzee alikaa kitambo. Kisha akavaa tena miwani.